Mkutano Mkuu wa Kijiji Darasani: Tathmini ya Zoezi kwa Walimu wa Uraia

Zoezi hili ni la kuigiza mkutano mkuu wa kijiji darasani ili wanafunzi waelewe jinsi kijiji cha Tanzania Bara kinavyojitawala. Shule huliendesha kwa namna tatu: kipindi kimoja cha dakika 40, vipindi viwili mfululizo, au nusu siku ya Jumamosi. Tumezipima zote kwa swali moja: mwanafunzi akitoka pale, anajua kwamba mkutano mkuu una uwezo wa kukataa?

La vipindi viwili, yaani dakika 80, tunalipatia nyota nne kati ya tano. La Jumamosi tatu, kwa sababu linachosha na nusu ya darasa hukosekana. La dakika 40 tunalipatia moja. Muda wote huishia kwenye salamu, kufungua mkutano na hotuba ya mwenyekiti, na ikifika zamu ya maswali kengele inalia. Mwanafunzi anaondoka akiamini kuwa mkutano wa kijiji ni mahali pa kusikiliza tu.

Gharama ni ndogo. Unahitaji kaunta buku moja ya mihtasari, daftari la mahudhurio, manila nne, kalamu za maka mbili na kadi za wahusika zilizokatwa kwenye maboksi ya chaki. Usinunue joho wala rungu.

Joho na rungu tumevitaja kwa sababu kosa linaloharibu zoezi hili kuliko mengine yote ni kuligeuza Bunge. Watoto wameona Bunge kwenye televisheni, basi dakika ya tatu tu utasikia "Mheshimiwa Spika" na meza zinapigwa. Mkutano mkuu wa kijiji si baraza la wawakilishi. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287 ya sheria za nchi, mjumbe wake ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Hakuna anayemwakilisha mwenzake. Mama ntilie na mwenye ng'ombe mia wana mkono mmoja mmoja. Tena kifungu cha 141 cha sheria hiyohiyo kinaufanya mkutano huu kuwa chombo cha juu kabisa kijijini katika masuala ya sera. Mwalimu aandike hili ubaoni kabla hajagawa kadi.

Kugawa nafasi kunahitaji hesabu. Halmashauri ya kijiji, ambayo wengi huiita serikali ya kijiji, ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na wanawake wasipungue robo. Kwa darasa la wanafunzi 55 chukua 15, wasichana wasipungue wanne. Ndani ya hao yumo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Vitongoji vinne vinatosha. Mwanafunzi mmoja awe afisa mtendaji wa kijiji, na kadi yake iseme wazi kuwa ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, katibu wa vikao, ambaye hakuchaguliwa na wanakijiji. Wanafunzi karibu wote huchanganya mwenyekiti na mtendaji, na wapo watu wazima wanaowachanganya vilevile. Wanaobaki, kama 39, ndio wanakijiji wenyewe. Wasikae kama watazamaji: kila mmoja apewe kadi yenye kitu anachokilinda, kama mfugaji wa mbuzi 30, mjane mwenye ekari mbili kando ya mto, kijana wa bodaboda au fundi bomba. Kadi moja iwe ya mkazi wa kijiji jirani aliyekuja kusikiliza. Huyu ni mtego: wakati wa kura atanyoosha mkono, na ni juu ya wenzake kumtambua kwa daftari la mahudhurio. Kama hakuna aliyemwona, usisimamishe mkutano. Lirudie kwenye uchambuzi.

Uenyekiti usimpe kiranja. Darasa limeshazoea kumtii, naye ameshazoea kuandika majina ya wapiga kelele, kwa hiyo hakuna atakayembishia. Wachague wenyewe kwa kura, siku tatu kabla.

Tangazo libandikwe wiki moja kabla, likionyesha mahali, saa na ajenda. Ajenda ifuate mpangilio wa vikao halisi: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaani kufuatilia yaliyoamuliwa humo), taarifa ya mapato na matumizi, hoja, mengineyo, kufunga. Kwa dakika 80, tano ziende kwenye kufungua, kumi kwenye muhtasari na yatokanayo, 25 mapato na matumizi, 25 hoja kubwa, tano mengineyo, na kumi za mwisho mwalimu achambue. Walimu wengi hula dakika za uchambuzi. Bila hizo mtego wa mgeni na mtego wa hesabu, tunaoueleza hapa chini, inapita bila kufundisha kitu.

Mapato na matumizi ndipo zoezi linapopata thamani yake. Taarifa isiwe maneno matupu. Iwe na tarakimu zinazoweza kujumlishwa kwa penseli. Mfano tunaoupendekeza ni huu. Mapato: mchango wa choo cha shule, kaya 212 kwa shilingi 5,000, jumla 1,060,000, faini za mifugo 140,000, pango la kibanda cha kijiji 90,000. Jumla kuu 1,290,000. Matumizi: saruji mifuko 30 kwa 17,000, yaani 510,000, mchanga tripu tatu 180,000, bati kumi 280,000, fundi 200,000. Mtendaji anasoma: "Jumla ya matumizi ni shilingi 1,270,000, baki ni shilingi 20,000." Taarifa yote iwe imebandikwa kwenye manila mbele ya darasa. Atakayejumlisha vitu vinne vilivyotajwa atapata 1,170,000. Laki moja haina mahali pake.

Hapo mwalimu anyamaze, jambo ambalo ni gumu sana kwa mwalimu. Kwa kawaida dakika moja au mbili hupita, kisha mmoja anamnong'oneza jirani yake, daftari linafunguliwa, na mkono unanyooshwa. Kadi ya mtendaji iwe na jibu la kwanza tu, kwamba laki hiyo ilikuwa posho ya vikao na ilisahaulika kuandikwa. Mkutano ndio uamue cha kufanya: kuipokea taarifa, kuikataa hadi stakabadhi ziletwe, au kuunda kamati ndogo ya kuifuatilia. Majibu yote matatu yanakubalika darasani. Lisilokubalika ni kupiga makofi na kuendelea na ajenda inayofuata. Likitokea, na hutokea, mwalimu asiwakemee. Kwenye uchambuzi awape dakika mbili wajumlishe upya.

Kwa hoja kubwa tunapendekeza ardhi kuliko usafi wa mazingira. Usafi hauna anayeupinga, kwa hiyo hauna mjadala. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Sura ya 114, inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu. Basi hoja iwe hivi: mwekezaji wa alizeti anataka hekta 180, na mwenyekiti anasimama kusema, "Serikali ya kijiji imeshapitisha, tunawajulisha tu." Sentensi hiyo iandikwe kwenye kadi yake neno kwa neno. Swali la kufundishia ni nani atakayesimama kuuliza, "Mwenyekiti, mmepitisha kwa idhini ya mkutano upi?"

Baada ya kura, mwalimu abadilishe kadi moja: hekta 180 ziwe 300. Ardhi ya kijiji inapohawilishwa, yaani inapohamishwa, kuwa ardhi ya jumla, ambayo haiko tena mikononi mwa kijiji, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa kama eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi ni wa Waziri. Kwa mabadiliko ya tarakimu moja darasa linaona mpaka wa madaraka ya kijiji, kitu ambacho kurasa kumi za kitabu hazikionyeshi.

Sheria ndogo za kijiji ni hoja ya pili kwa uzuri, lakini ina hatari yake. Wanafunzi wanapenda kutunga faini za laki tano na kufukuza watu kijijini. Waelezwe mapema kuwa rasimu hutoka halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha huenda halmashauri ya wilaya, na bila idhini ya wilaya haina nguvu. Haiwezi pia kupingana na sheria za nchi.

Tunaondoa nyota moja kwa ajili ya lugha na mahali. Sekondari zimekuwa zikifundisha somo la Uraia kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kujibu mtihani vizuri bila kujua kuwa chombo alichokiandika ni ule mkutano anaohudhuria mama yake chini ya mwembe. Mkutano uendeshwe kwa Kiswahili, istilahi za Kiingereza zije kwenye uchambuzi. Upande wa mahali, kadi hizi hazifai mjini bila kuandikwa upya. Mtaa una mwenyekiti wake na mkutano wake, lakini uko chini ya sheria ya mamlaka za miji, Sura ya 288, na hausimamii ardhi kama kijiji. Hoja ya hekta 180 haina maana kwenye mtaa wa Mwanza au Tanga. Weka taka, mitaro na ulinzi shirikishi. Zanzibar ni mbali zaidi: ngazi ya chini ya utawala ni shehia, na kiongozi wake, sheha, huteuliwa, hachaguliwi. Huko zoezi litungwe upya kuanzia mwanzo.

Muhtasari uandikwe siku ileile, usomwe na usainiwe, na orodha ya mahudhurio yenye saini iambatanishwe. Katika maisha halisi karatasi hizo mbili ndizo zinazobebwa kwenda wilayani kuthibitisha kuwa kijiji kilikubali kutoa ardhi, kwa hiyo mwanafunzi aone uzito wa kusaini jina lake kwenye kikao alichokuwemo, na hatari ya saini ya asiyekuwepo. Kura ziandikwe kwa idadi: waliokubali, waliokataa, wasiopiga. "Wengi walikubali" isipokelewe.

Shule ikiweza kufanya mara moja tu kwa mwaka, faida ni nusu. Mkutano mkuu wa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kipengele cha yatokanayo hakina uhai mpaka kikao cha pili. Katika kikao hicho mtendaji afungue kaunta buku ileile, asome kilichoamuliwa kuhusu ile laki moja, na aulizwe stakabadhi ziko wapi.