Siga nne za "bure", bendera nne, na dola 39.95 zangu

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Siga za bure: nne. Posta: dola 6.95. Makato ambayo sikuyaomba: dola 39.95. Siku nilizosubiri hela yangu irudi: tisa.

Niko Tampa, Florida, mwaka wa kumi na moja huu, naendesha lori. Wanaoijua Urambo, kule Tabora, watanielewa nikisema nimelelewa na tumbaku. Ada ya shule, sare, mabati ya nyumba, vyote vilitoka kwenye bani la baba, lile banda la kukaushia tumbaku. Lakini kuvuta siga, ile nene ya jani la tumbaku lililosokotwa, nimeanza ukubwani, hapahapa Tampa, moja kwa wiki, Jumapili, nje ya nyumba kwa amri ya mke wangu. Bibi yangu angeiita biri. Sisi huku tunasema siga, na anayeita sigara anasahihishwa palepale.

Kampuni yenyewe siitaji. Inauza kwa posta tu, na tangazo lake lilinikuta kwenye simu nikiwa nimeegesha lori nakula: siga nne bure, unalipia kutumiwa tu, na kila siga imevikwa karatasi yenye bendera ya kihistoria pamoja na kadi ya maelezo. Sasa mimi bendera ndiyo ugonjwa wangu. Shule ya msingi nilikuwa mpandishaji bendera miaka miwili mfululizo, na mpaka leo nikiona imefungwa kichwa chini siwezi kupita kimya. Nikabonyeza.

Kwa anayejiuliza kama jambo lenyewe linaruhusiwa: Agosti 2016 serikali kuu ya Marekani ilipiga marufuku kugawa siga za bure, kama ilivyokuwa kwa sigara. Agosti 2023 jaji mmoja wa Washington akaifuta kanuni hiyo kwa siga za daraja la juu, zile za kusokotwa kwa mkono, na mlango ukafunguka tena. Chini ya miaka 21 usijisumbue. Kijana aliyeleta mzigo kwangu aliitazama leseni yangu, akanitazama mimi na mvi zangu, akaitazama leseni tena.

Kifurushi kilifika siku ya sita. Sanduku la karatasi ngumu, ndani mfuko wa plastiki wa kubana, na siga nne za saizi ya robusto: urefu inchi 5, unene 50, yaani 50/64 za inchi. Bendera zilikuwa ile ya njano yenye nyoka, ile ya Betsy Ross (bibi anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeshona bendera ya kwanza ya Marekani) yenye nyota 13 kwenye duara, ya Marekani yenye nyota 48, na ya Kuba.

Sikuzivuta peke yangu. Nilizibeba hadi Ybor City, mtaa ambao Vicente Martinez-Ybor aliuanzisha miaka ya 1880 kwa ajili ya viwanda vyake vya siga, na ambako hadi leo majogoo wanazurura barabarani bila mtu kuwagusa. Tulikaa watatu kwenye meza ya nje: mimi, mzee mmoja wa Unguja ambaye huku ndiye baba yetu sote, na jirani yangu Mkuba, mstaafu, ambaye baba yake alisokota siga mtaa huohuo. Siga tatu tukagawana, moja moja. Ya nne ndiyo iliyozua maneno.

Ile ya nyota 48. Kwetu mteuzi wa tumbaku hahitaji kipimo. Anashika jani, analikunja, na sikio lake linamwambia. Nami niliibingirisha siga ile kati ya kidole gumba na cha shahada, ikalia kama majani ya muhindi ya mwezi wa nane. Siga inataka kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Hii ilikuwa imekaa jangwani. Nilipokata kichwa, jani la nje likapasuka mstari mmoja mpaka karibu na katikati. Ndani ya ule mfuko hakukuwa na hata kipande cha kutunza unyevu. Kampuni inayotaka nije kuwa mteja wake wa kudumu imeshindwa kuweka kitu cha chini ya dola moja. Bendera yenyewe ilidumu kuanzia 1912 hadi 1959, siga yake haikumaliza safari ya posta.

Zingine tatu, haki yao niwape. Ya nyoka ilikuwa na jani la nje la rangi ya chai ya maziwa, laini, ladha ya karanga zilizokaangwa bila chumvi. Inafaa asubuhi na kahawa. Bendera yake ni ya Christopher Gadsden wa South Carolina, 1775, iliyotolewa kwa Esek Hopkins, kamanda wa wanamaji wa majimbo yaliyoasi Uingereza. Nyoka amejiviringa, ana njuga mkiani, chini yake maneno ya "usinikanyage". Nikamwambia mzee, huyu nyoka muungwana, anakupigia kengele kwanza. Koboko wa Urambo hana kengele.

Ya Betsy Ross nilimpa mzee. Akavuta, akasema ni siga ya mgonjwa, haina chumvi wala pilipili. Kisha akaichukua kadi, akavaa miwani.

"Mwanangu, huyu bibi alishona au hakushona?"

Kadi inasema alishona, nukta. Ukweli ni kwamba hadithi ile ilitolewa hadharani na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, karibu karne nzima baadaye, bila karatasi yoyote ya wakati wenyewe. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa mshonaji kweli na alilipwa kwa kushona bendera za meli za Pennsylvania mwaka 1777. Azimio la bunge lao kuhusu bendera, la Juni 14, 1777, lilitaja nyota 13, halikusema zipangwe vipi. Kwa hiyo kadi imeuza simulizi ya ukoo kwa bei ya historia, nami hilo lilinikera kuliko ile siga kavu.

Jirani yangu ndipo alipochomekea. "Ya kwetu aliyeishona tunamjua." Alikuwa ameishika ile ya Kuba. Bendera yao ilibuniwa New York mwaka 1849, akina Narciso López na mshairi Miguel Teurbe Tolón, na aliyeishona ya kwanza ni Emilia Teurbe Tolón. Ikapandishwa Cárdenas, mji wa Kuba, mwezi Mei 1850. Tukaisoma kadi yake mbele na nyuma: Emilia hayumo. Mshonaji mwenye ushahidi hakupewa hata mstari, mwenye hadithi kapewa kadi nzima. Na hatua chache kutoka pale tulipokaa kuna bustani ndogo ya José Martí, mpigania uhuru wa Kuba, mahali palipokuwa nyumba ya Paulina Pedroso, mwanamke mweusi wa Kikuba aliyemhifadhi Martí alipokuwa akikusanya wasokota siga kwa ajili ya uhuru. Mwenye kadi angepanda basi tu akaja kuuliza.

Siga yenyewe ya Kuba si ya Kuba, mwenye akili alishajua. Tumbaku ni ya Nikaragua, maana ya Kuba haiuzwi Marekani tangu Rais Kennedy alipotia saini vikwazo Februari 1962. Pierre Salinger, msemaji wake, alisimulia mwenyewe kwamba bosi alimtuma kwanza akamtafutie siga za Kuba aina ya Petit Upmann 1,000. Akaleta 1,200, ndipo kalamu ikatoka. Lakini hii ya Nikaragua, jamani. Jani jeusi lenye mafuta kama ngozi ya kiatu kilichopakwa jana, majivu meupe yaliyosimama urefu wa pingili mbili za kidole bila kuanguka. Jirani alinipa nivute mara tatu. Kwenye pua nikasikia kitu ambacho tumbaku yetu ya mvuke haina. Yetu inakaushwa kwa joto la bani kama wiki moja, inatoka ya dhahabu na tamu. Hii huanikwa kivulini wiki nyingi, kisha hurundikwa ichachuke yenyewe mpaka ule ukali wa amonia utoke. Baba angesema imeoza. Angevuta, angenyamaza.

Turudi kwenye hela. Siku mbili baada ya kifurushi kufika, benki ikanitumia ujumbe: dola 39.95, klabu ya kila mwezi. Nikaufungua ukurasa wa agizo upya. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya vema kabla sijafika. Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, alinipa punguzo mara mbili, mara zote nikasema hapana dada, naomba changu. Kikarudi siku ya tisa. Ukiagiza, telemka mpaka chini na ukifute kile kisanduku kwanza.

Nyota nawapa tatu kati ya tano. Mbili ni za ile nyeusi ya Nikaragua, moja ni ya dada wa simu.

Tulipokuwa tunanyanyuka, mzee aliomba kadi ya nyota 48, ile ya siga iliyopasuka. Akasema kuna bendera hawa hawataitengeneza kamwe, nayo yeye aliiona ikipanda akiwa kijana: nyekundu, duara la kijani katikati, karafuu mbili za manjano. Ilipanda Unguja Desemba 10, 1963, na Januari 12 ikawa imekwisha, siku 33. "Hii ningeilipia hata hiyo arobaini yao," akasema. Akaigeuza kadi, akachukua kalamu yangu ya kujazia daftari la safari, akachora duara na karafuu mbili, akaandika pembeni rangi zake kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa kalamu ilikuwa ya bluu. Iko kwenye dashibodi ya lori, nimeibana kwenye kioo.