Printi ya mbweha ya Agnes Miller Parker: omba picha ya nyuma kwanza

Jamani, kabla hujatuma hela ya printi ya zamani mtandaoni, omba upigiwe picha ya nyuma. Mimi sikuomba.

Niko Glasgow mwaka wa nne sasa na huyu mama Agnes, mchongaji wa picha za kupiga chapa kwenye mbao, nilimpendea hukuhuku, kazaliwa Irvine 1895 na kasoma Glasgow School of Art, basi nilivyoona mbweha wake anauzwa pauni 45, wameandika orijino ya 1936, nikalipa chapchap.

Bahasha ikaja siku ya tano, karatasi imebanwa kati ya makadibodi mawili, kwa ufungaji sina neno. Nikachukua lenzi. Aisee! Manyoya ni mistari myeupe membamba kuliko uzi, mingine inaanza minene halafu inachongoka mpaka inapotelea kwenye weusi, na weusi wenyewe umekolea kama masizi ya sufuria. Na huo weupe ndo aliouchonga, wino unashika pale ambapo hakugusa, yani mkono ukiteleza hakuna kufuta. Wanachonga kwenye kichwa cha gogo, ule upande wa pete, sio ubavuni, ndo maana mti hauchaniki hata mistari ikibanana vile.

Sasa nikageuza. Aya mbili na namba ya ukurasa! Kumbe imekatwa kwenye kitabu, Through the Woods, maneno ya H. E. Bates, na pembeni kushoto unaona kabisa wembe ulipopita.

Nikamwandikia muuzaji, ananijibu "lakini ni ya 1936 kweli". Sawa, hapo simbishii, ila ukiniambia orijino mi nategemea ile iliyopigwa chapa kwa mkono, ina saini ya penseli na namba chini. Tumevutana wiki nzima ndo akarudisha pauni 20.

Ila mbweha mwenyewe sio feki, michongo hii kitabuni ndo kwao, kibao kinakuwa na kimo sawa na herufi za risasi (yale madini) za kupigia chapa ili vipite pamoja kwenye mashine. Kinachoniuma ni kile kitabu, sijui kimechanwa kurasa ngapi zikauzwa mojamoja.

Muuzaji nampa nyota tatu. Printi nimeitia kwenye fremu ya vioo viwili dirishani, na siku jua likitoka (la huku linavizia) yale maneno ya nyuma yanajitokeza hadi puani kwa mbweha.