Kadi za vichocheo vya shajara ya picha: zichuje kwanza

Ndani ya kisanduku kuna kadi 60. Kila kadi iliyochapishwa ina sentensi moja inayomwagiza mwanafunzi wa sanaa ajaze vipi ukurasa wa shajara yake ya picha, na pembeni imechorwa saa ndogo yenye muda: dakika 2, 10 au 30. Basi. Hakuna kijitabu cha maelekezo wala video ya kufungua kwenye simu, na hilo peke yake lilinipendeza. Nafundisha uchoraji, na bunda hili limekaa kwenye meza ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza muhula mzima, kwa hiyo nasema niliyoyaona kwenye madaftari yao, si yanayodaiwa kwenye kifuniko. Kifuniko kinadai mengi.

Nianze na kero, maana ndiyo itakayokupokea ukizichanga kadi na kuchomoa yoyote. Karibu nusu ya bunda ni za namna hii: "Chora furaha yako." "Utulivu una rangi gani?" "Jichore utakavyokuwa kesho." Ukizisoma unaona zina kina. Ukitazama kinachochorwa, ni yale yale kila mara: mioyo, jua linalochomoza kati ya milima miwili, mbawa, jicho lenye chozi moja. Kijana mmoja aliyechomoa ya furaha aliliandika neno lenyewe kwa herufi nene, nusu saa yote ikaishia kuzitia rangi ndani. Simlaumu hata kidogo. Umempa karatasi tupu ukamwambia atazame moyoni, na moyoni hakuna kitu kilichopigwa na mwanga ili akitazame. Lazima atadaka alama iliyo karibu, ile ambayo ameshaiona mara elfu kwenye simu.

Nusu ya pili ndiyo iliyofanya nisikirudishe kisanduku. Hizi hazimuulizi mtu anajisikiaje. Zinalipa jicho kazi na kuubana mkono. Mfano ni hii: "Chora mkono wako usioshika kalamu. Usitazame karatasi. Usinyanyue kalamu." Dakika 10. Darasa linaanza kwa vicheko, halafu linanyamaza lenyewe. Mchoro ukiisha ni kichekesho kweli: kidole gumba kimeota kwenye kifundo cha mkono, kucha mbili zimepandana. Lakini sogeza macho. Ile mikunjo ya ngozi juu ya fundo la kidole, ambayo kwenye michoro yao ya kawaida huwa vistari vitatu vya kubuni, hapa inapinda, inakatika, inaanza tena pale jicho liliposita. Huo ni mstari wa mtu anayetazama. Zoezi lenyewe ni la zamani. Mwalimu wa uchoraji Kimon Nicolaïdes alilifundisha New York, na mafundisho yake yakachapishwa mwaka 1941, yeye akiwa ameshafariki.

Kadi nyingine inasema ugeuze picha miguu juu kichwa chini kisha uinakili hivyo hivyo. Betty Edwards, mwalimu wa Marekani, ndiye aliyelieneza zoezi hili kuanzia mwaka 1979, akiwapa wanafunzi mchoro wa Picasso unaomwonyesha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Linafaa kwa sababu moja rahisi: picha ikipinduliwa, kichwa hakikuambii tena "hii ni pua", na mkono hauharakishi kuchora pua uliyoizoea. Ipo pia ya kuweka karatasi juu ya mbao yenye nyufa na kusugua penseli mpaka alama zitokee, kazi ambayo msanii Max Ernst aliianza mwaka 1925 kwenye mbao za sakafu. Na ipo ya kutazama ukuta wenye madoa mpaka uone mandhari ndani yake, shauri ambalo Leonardo da Vinci aliwapa wachoraji karne tano zilizopita.

Niliyoipenda kupita zote ni ya rangi: "Ifanye rangi moja ionekane mbili." Ni zoezi la Josef Albers, msanii aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, na baadaye Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Msichana mmoja alikata vipande viwili vya kijivu kutoka ukurasa mmoja wa gazeti, akabandika kimoja juu ya weusi na kingine juu ya njano iliyopauka. Jirani yake akabisha kwamba vimetoka kurasa tofauti. Ikabidi tuvibandue na kuviweka sambamba juu ya meza ili ubishi uishe, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini nawasumbua na mandharinyuma.

Hapo nina ugomvi na watengenezaji. Mazoezi haya yote yana wenyewe, na hakuna kadi hata moja inayowataja. Mgongo wa kila kadi umejazwa maua ya urembo tu. Mstari mmoja wa jina na mwaka ungemwonyesha mwanafunzi aliyeguswa pa kwenda kusoma zaidi. Hata wazo la kumkwamua msanii kwa bunda la kadi halikuanza nao: mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa la kwao mwaka 1975. Ila lile liliwalenga watu waliokwama katikati ya kazi. Mwanafunzi mwenye ukurasa mweupe bado hajafika hata mahali pa kukwama.

Kuna atakayeniambia kwamba shajara bila hisia ni daftari la mazoezi tu. Nakubali, ila tuangalie hisia zenyewe huingia kwa mlango gani. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, aliweka shajara ya maandishi na rangi miaka kumi ya mwisho ya maisha yake, mpaka alipofariki mwaka 1954. Mwaka 1953, mwaka aliokatwa mguu wa kulia chini ya goti, alichora humo nyayo zilizotenganishwa na mwili. Alichora nyayo. Hakuna aliyemwamuru "chora uchungu wako". Uchungu ulipanda wenyewe juu ya kitu kinachoonekana.

Ndiyo maana kadi za hisia sikuzitupa. Nilizitenga kwenye rundo lake, na sasa kila mtu anachomoa mbili, moja kila upande. Msichana wa vile vipande vya kijivu alipata "Chora upweke" pamoja na "Usichore vitu, chora nafasi iliyo kati yake". Alichora ule uwazi ulio kati ya miguu ya viti darasani, akaujaza mkaa, viti vyenyewe vikabaki vyeupe. Upweke upo pale, na hakuna chozi hata moja. Mwingine alipata hasira na mistari iliyonyooka peke yake. Alitoboa karatasi mara mbili, nikampa alama nzuri.

Kuhusu kisanduku chenyewe, kadi ni nene, pembe zimeviringwa, uso haung'ai kwa hiyo unasomeka chini ya taa. Kidole chenye rangi ya maji kikizigusa, doa halitoki. Kifuniko kimelegea mapema, sasa nazifunga kwa mpira.

Jambo ambalo lingeandikwa mahali fulani na halijaandikwa ni karatasi. Kadi kadhaa zinataka wino uliozimuliwa kwa maji au rangi ya maji kwa wingi, ilhali madaftari mengi ya wanafunzi yana karatasi ya gramu 90 hivi kwa mita ya mraba. Ukurasa utajikunja na wino utavuja mpaka upande wa pili. Kuanzia gramu 200 unafanya kazi kwa amani. Kama daftari ni jepesi, gundisha kurasa mbili ziwe moja, uzilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, ndipo utie maji.

Ninatoa nyota tatu kati ya tano. Mwalimu atakayekubali kuzichuja, au mwanafunzi anayefungua daftari kila jioni na kulifunga bila alama, anunue. Anayejaza kurasa zake bila kusukumwa aachane nazo, zitamchelewesha. Na saa ile ya pembeni msiipuuze, hasa ya dakika 2: muda ukiwa mfupi hivyo hakuna anayegusa raba.

Mwishoni mwa bunda kuna kadi tano tupu za kuandika vichocheo vyenu, na zimeshajaa zote. Aliyetoboa karatasi aliandika yake: "Chora kiatu kimoja mpaka ukichoke, halafu kichore tena." Imezishinda nguvu nyingi zilizochapishwa, na ndiyo ninayotaka kuianzia muhula ujao.