Rayoni, modali au laioseli: kipi hakitakuaibisha kikilowa?

Malalamiko yanayotufikia yanafanana: gauni limeshonwa vizuri, likafuliwa mara moja, likarudi mpaka magotini au likachanika kwapani. Msimlaumu fundi. Rayoni ya kawaida ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na hilo wauzaji hawalisemi.

Vitambaa vyote vitatu asili yake ni mti uliogeuzwa rojo, likayeyushwa, likasukumwa kwenye vitundu vidogo likatoka nyuzi. Rayoni, yaani viskosi, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1892, huyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na kaboni disulfidi, sumu inayodhuru neva za wafanyakazi. Njiani minyororo ya selulosi, yaani malighafi ya mti inayounda uzi, hukatika ikawa mifupi, ndiyo maana maji huilegeza. Laioseli huyeyushwa moja kwa moja, bila kugeuzwa kwanza kwa kemikali hizo. Zaidi ya asilimia 99 ya kiyeyushi hurejeshwa kiwandani, na uzi ukilowa hubaki na takriban asilimia 85 ya nguvu.

Kwa hiyo namba moja ni laioseli, na chaguo letu bila kificho ni TENCEL, chapa ya kampuni ya Lenzing ya Austria. Ila soma neno la pili kwenye lebo, kwa sababu jina hilo hubeba modali pia. Ukiisugua ikiwa mbichi, laioseli huota vinyweleo na rangi nyeusi ikaonekana kuchujuka. Igeuze nje ndani, uifue kwa kuibonyeza tu.

Modali, yaani rayoni iliyoboreshwa ili isilegee sana ikilowa, ni ya pili: inafaa fulana, chupi, nguo za kulalia.

Rayoni ni ya tatu. Chomoa uzi mmoja, lowesha katikati kwa mate, vuta ncha zote mbili. Ukikatika palepale palipolowa, ndiyo yenyewe. Gauni la mita 3, nunua 3.3, loweka nusu saa kabla ya kukata, usikamue, anika kivulini, piga pasi ya wastani kikiwa na unyevu.

Mchanganyiko wa poliesta ni rahisi na haurudi, lakini joto lake utalijua.

Kinachoudhi ni hicho kinachoitwa “kitambaa cha mianzi” na kupandishwa bei. Mara nyingi ni rayoni ileile, rojo tu ndilo la mianzi. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki wauzaji wanne kwa udanganyifu huo. Muuzaji wa “mianzi” akikukatalia kuchomoa uzi mmoja pindoni, mrudishie jora lake.