Vitabu vinne vya watu waliotoka kumtafuta Mungu: kipi ununue, kipi uazime

Assalaam alaykum, jamani. Na asiyekuwa wa salamu hiyo, hujambo na karibu. Niko nyumbani Wete, Pemba, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo mkisikia jogoo wa jirani au vespa ya mtu, vumilieni. Nikilifunga nitatokwa jasho mpaka mdhani vitabu vimeniliza. Kimoja kweli kilitaka kuniliza, tutakifikia.

Mwenye jogoo huyo ni mama mmoja, mtu mzima, na mwaka huu anakwenda Hijja, inshaallah. Hajawahi kuvuka bahari zaidi ya kwenda Unguja kwa boti, na huko nako alitapika njia nzima. Juzi kanikuta barazani akaniambia: "Mwanangu, wewe unayeshinda na vyuo, hao waliohiji zamani hawakuandika? Nitafutie kimoja unisomee kabla sijaondoka." Nikaingia kabatini, nikatoka na hivi vinne mnavyoviona. Vyote ninavyo kwa Kiingereza, lakini hakuna hata kimoja kilichoandikwa na Mwingereza.

Nianze na hiki chembamba, The Alchemist cha Paulo Coelho, Mbrazili. Kilitoka mwaka 1988. Wengi wenu mnacho, au mlikuwa nacho mkamuazima mtu ndiyo basi tena. Kijana mchunga kondoo wa Hispania anaota hazina iliyoko kwenye mapiramidi ya Misri, anaifuata. Kama bidhaa sina neno nacho: chepesi, kinaingia mfukoni, unakianza Mkoani na boti ikitia nanga Malindi ya Unguja umeshakimaliza. Lakini lugha yake! Kila ukurasa una maneno ya kutiwa kwenye kanga. Kanga moja nzuri. Kanga mia mbili mfululizo zinachosha, mpaka unatamani mtu aseme tu kwamba ana njaa.

Ndani yake lakini mna mtu mmoja ambaye sijamsahau. Ana duka la vyombo vya kioo mjini Tangier, Muislamu, nguzo nne za dini anazitimiza, imebaki ya tano. Anatamani Makka tangu ujanani. Sasa pesa anaweza kuzipata, na hendi. Anaogopa kwamba akishafika hatabaki na kitu cha kumuamsha asubuhi.

Nilipomsoma mara ya kwanza nilikuwa bado niko skuli, nikasema huyu bwana kasema kweli tupu. Sasa naikataa. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchumaji karafuu. Msimu ukija, akilipwa pishi zake, hutoa kidogo akatia kwenye kibubu chake cha kopo la maziwa, akasema hii ya Makka, asiiguse mtu. Kibubu kile kilivunjwa mwaka paa lilipovuja, tukanunua mabati. Kikavunjwa kwa sare na madaftari yetu. Kikavunjwa kwa harusi ya shangazi. Na karafuu nazo, watu wa Pemba mnajua, mwaka zikizaa sana, mwaka unaofuata mikarafuu inapumzika, na kibubu kinapumzika nayo. Kafa hajaiona Kaaba. Hakuwa na hofu ya kufika, wallahi, alikuwa na wajukuu. Kurani yenyewe inasema Hijja ni kwa yule awezaye njia ya kuiendea, kwa hivyo hakufa na deni. Ila kuniambia mimi kwamba asiyekwenda ni mwoga wa ndoto yake, hiyo ni kauli ya mtu ambaye nauli haimkoseshi usingizi.

Tangu hapo kila kitabu cha wasafiri wa dini nakitazama hivyo. Aliyefika ndiye anayepata kuandika, sawa. Je, anawaona wale wengine? Cha Coelho: azima, usinunue.

Cha pili, hiki hapa. Mantiq ut-Tayr, Mkutano wa Ndege, cha Attar wa Nishapur, Uajemi, karne ya 12. Nakala yangu ni tafsiri ya Afkham Darbandi na Dick Davis iliyotoka 1984, na walichofanya ni kukileta kwa vina, mistari miwili miwili. Mtu aliyelelewa na tenzi atakisikia kwa sikio kabla hajakielewa kwa akili. Ushauri wangu: kisome kwa sauti, hata kama nyumbani watakushangaa.

Ndege wote wa dunia wanakutana, hawana mfalme. Hudihudi anawaambia mfalme yuko, anaitwa Simurgh, twendeni. Ndiyo, Hudihudi yule yule wa Nabii Suleiman, wa Surat an-Naml. Basi kusikia njia ni ndefu, kila ndege anatoa udhuru, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu usiku. Bata anasema yeye hana haja ya safari, yumo majini saa zote, nani aliye safi kumshinda? Jamani, huyo bata namjua, anasali safu ya mbele. Bundi anasema hawezi kuyaacha magofu yake, mna hazina ndani. Nendeni Mji Mkongwe mkamtafute, bado yupo, anasubiri mnunuzi wa nyumba ya urithi. Korongo kazi yake kukaa ufukweni akiililia bahari, na hata tone hanywi.

Hatimaye wanaondoka, wanavuka mabonde saba, kuanzia bonde la kutafuta mpaka bonde la kufukarika na kutoweka. Wameanza maelfu kwa maelfu, wanafika thelathini. Na Attar, Mungu amlipe, hawapiti kimya walioishia njiani. Wako waliozama baharini, wako waliokufa kwa kiu milimani, waliounguzwa mbawa na jua, walioliwa na chui, na wengine waliuana wenyewe kwa wenyewe kwa kugombea punje. Wako pia waliosimama kutazama maajabu ya njiani wakasahau walikuwa wanakwenda wapi. Hao thelathini wakiingizwa mbele ya mfalme wanajiona wao wenyewe. Kwa Kiajemi thelathini ni *si*, ndege ni *murgh*. Sikuwaharibieni hadithi, msiwe na wasiwasi. Kitabu hiki hata ukijua mwisho, utamu uko njiani, kwenye vijihadithi vya wafalme na mafukara ambavyo Attar anavichomeka kila baada ya hatua mbili. Wengine vinawachosha. Mie nilivirudia. Nunua.

Cha tatu ni kinene, tazameni mgongo wake ulivyoachia gundi. Unyevu wa huku hauna huruma na vitabu. The Road to Mecca, Muhammad Asad, 1954. Huyu alizaliwa 1900 katika familia ya Kiyahudi, jina lake Leopold Weiss, katika mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria na leo unaitwa Lviv, Ukraine. Akawa mwandishi wa magazeti, akatumwa nchi za Kiarabu, na mwaka 1926 akasilimu. Kitabu kimesukwa juu ya safari ya siku 23 kwa ngamia, mwaka 1932, kutoka bara ya Arabuni mpaka Makka, na kila anapopumzika anakumbuka maisha yake ya nyuma. Sura ya kwanza inaitwa Kiu. Amepotea peke yake mchangani, maji hana. Nakushaurini muisome na kikombe cha maji pembeni, mie nilisimama katikati nikaenda kwenye mtungi.

Kilichonishika zaidi lakini hakipo jangwani. Kipo Berlin, ndani ya treni ya chini ya ardhi. Anawatazama abiria, wamevaa vizuri, wameshiba, na nyuso zao zote zimebeba maumivu wasiyoyajua wenyewe. Anarudi nyumbani, anakuta msahafu uko wazi mezani, macho yanaangukia Surat at-Takathur: kushindana kwa wingi kumekushughulisheni, mpaka mkayafikia makaburi. Sasa sura hiyo nani kati yetu hakuihifadhi? Tuliimba chuoni huku tunapepesuka, na bakora ya maalim iko juu, tukimaliza tunakimbilia maembe. Miaka yangu yote nimeisoma kwenye sala kwa sababu ni fupi. Fupi! Mtu mgeni kabisa kaikuta mara moja, ikambadilisha maisha. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya muda.

Lawama zangu kwake ziko mbili. Anajiamini mno, kila mtu anayekutana naye anamthibitishia kwamba yuko sahihi, na siasa za wafalme zinachukua kurasa ambazo ningependa azitumie kwa mengine. La pili ni mkewe, Elsa. Alihiji naye 1927, na muda mfupi baadaye Elsa akafariki Makka. Mwanamke kaacha kwao Ulaya, kavuka bahari na mumewe kwa dini mpya, kazikwa huko huko. Nilitaka kumjua. Anapita haraka, kama mtu uliyemuona dirishani gari ikiwa mwendo. Lakini nunua, na ukipata chenye jalada gumu usibishane bei.

Mtaniuliza, na cha Malcolm X, yule Muislamu mweusi wa Marekani, je? Kweli, alihiji Aprili 1964, na barua yake ya Makka, ya kula sahani moja na watu wenye macho ya buluu, haina mfano. Sisi Wazanzibari tuna la ziada: Desemba mwaka ule ule alisimama jukwaani New York na mwanasiasa wetu Abdulrahman Babu. Ila nakala niliyosoma ilikuwa ya kuazima na mwenyewe kaidai, siwezi kuhakiki kitabu nisichokuwa nacho mkononi.

Tunamalizia na huyu baba yao. Ibn Battuta, wa Tangier, mji ule ule wa mwenye duka la vioo. Huyu hakuogopa. Aliondoka kwao mwaka 1325, ana miaka 21, nia yake Hijja, na kurudi moja kwa moja hakurudi. Alizunguka karibu miaka thelathini. Simulizi zake ziliandikwa na Ibn Juzayy, zikamalizika 1355. Hii niliyonayo ni tafsiri iliyofupishwa na Tim Mackintosh-Smith, maana kamili ina mijalada minne. Herufi ndogo, mkiwa na miwani chukueni.

Mwaka 1331 alikuja pwani yetu. Mogadishu walimwekea wali wa samli, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe, yaani sinia ya harusi. Mombasa aliona watu wanakula ndizi na samaki, na kwenye mlango wa kila msikiti pana kisima na kata ya mti ya kuchotea, watu wanaosha miguu, wanaipangusa kwenye mkeka ndiyo waingie. Kisha Kilwa. Na sisi? Kapita hapa katikati, Unguja na Pemba hakututaja hata kwa bahati mbaya, na msikiti wa Kizimkazi ulikuwa umeshasimama zaidi ya miaka mia mbili. Nimemsamehe, lakini nimeandika pembeni kwa penseli.

Onyo: kurasa nyingi za Makka na Madina si maneno yake, zimechukuliwa kwa Ibn Jubayr, aliyehiji miaka mia na zaidi kabla yake. Kwa hivyo ukitaka moyo wake usiutafute Makka. Utafute mwanzoni kabisa, Tunis. Kijana kafika mgonjwa, ameshinda na homa njia nzima mpaka kajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asianguke. Wenyeji wanatoka kuwapokea wasafiri, kila mtu anasalimiwa na jamaa zake. Yeye hakuna anayemjua. Hakuna wa kumwambia salaam alaykum. Machozi yanamtoka. Hujaji mmoja akaona, akaja akamsalimia, akakaa naye mpaka akaingia mjini.

Basi. Miaka thelathini ya wafalme, lulu na majangwa, na mie ukurasa huo ndio nimeukunja ncha. Nunua, hata mtumba. Changu nimekipata elfu kumi na tano.

Kwa mama wa jogoo sikumpa kitabu chochote. Kiingereza hasomi, na mkoba wake nauhifadhia nafasi ya tende na zamzam zetu. Nimekaa usiku mmoja nikaufasiri ukurasa ule wa Tunis kwa mkono wangu, nikaenda kumsomea jana baada ya Alasiri. Alikuwa anachambua mchele. Aliposikia habari ya kijana kulia aliacha kuchambua. Nilipomaliza akaniuliza: "Na huyo aliyemsalimia, jina lake nani?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Hakuuliza?"

Nikamwambia labda aliuliza, akasahau.

Akarudi kwenye mchele wake. Baada ya muda akasema: "Basi nikifika Arafa nitamuombea. Mungu anamjua."

Haya, jogoo huyo kaanza tena. Ramani ya safari za Ibn Battuta nitaiweka hapa chini, na aliyenacho cha Malcolm anikopeshe.