Kipimajoto cha nyama cha shilingi 15,000

Natengeneza laptopu hapa Arusha, na ugonjwa ninaouona kuliko mwingine wowote ni joto. Mteja analeta mashine, anasema imekuwa nzito. Nikiifungua, feni imejaa vumbi na pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta) imekauka kama udongo wa kiangazi. Inasoma nyuzi 98! Prosesa nyingi zikikaribia 100 hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Kuku akiwa jikoni hana akili hiyo. Anakauka tu, tabu ni ya meno yako.

Basi nikanunua kipimajoto cha sindano, duka la vyombo sokoni. Nikakichovya kwenye maji yanayotokota: 95. Nikajua nimepigwa. Kesho yake nimesimama dukani nabishana, ndipo nikakumbuka kwamba tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye 95 hivi. Nikaaga kwa aibu. Nyumbani nikakijaribu kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo. Sifuri kamili.

Kidari cha kuku sasa nakitoa kikisoma 74 sehemu nene, sindano isiguse mfupa. Kimeiva na bado kina maji yake. Mguu wa mbuzi ni habari nyingine: kwa 74 bado ni mpira. Naupeleka taratibu kwa mkaa mchache hadi karibu 90, mishipa ilainike. Kilichonishangaza ni kwamba nyama nene ukishaitoa motoni bado inapanda nyuzi tatu, nne. Mimi nimezoea prosesa, ukifunga programu joto linashuka hapo hapo.

Shemeji yangu, anayepima kwa kubonyeza kidole, aliniuliza, "Kwani mbuzi ana homa?" Alikula lakini.

Kasoro zipo. Kinachukua sekunde kama nane kutulia, na juu ya jiko la mkaa hizo ni nyingi kwa mkono mtupu. Kichwa ni cha plastiki. Nilikisahau ndani ya nyama mara moja tu, ukingo ukajikunja. Betri ni ile ya kidonge, inapatikana kwa mafundi saa. Taa hakina kabisa, kwa hiyo nikichoma usiku nabana simu kwapani ili nione namba. Nyota tatu na nusu.