Moduli ya SIM800L kwa mradi wa uzamili: uzoefu wangu hapa Mwanza

Kama unasoma uzamili wa uhandisi wa elektroniki na mradi wako unatuma data kutoka ziwani, SIM800L, moduli ndogo inayotuma data kwa mtandao wa simu, naipendekeza, mradi umeme wake uupange vizuri tangu mwanzo. Nimeitumia na ESP32 (kompyuta ndogo inayoiendesha) na kihisi joto cha DS18B20 kwenye vizimba vya sato upande wa Ilemela. Lawama nyingi inazotupiwa zinatokana na umeme, moduli yenyewe haina shida.

Inataka volti 3.4 hadi 4.4. Pini ya volti 3.3 ya ESP32 haitoshi, na volti 5 za USB zinazidi. Betri ya lithiamu ya 18650 ndiyo inayoifaa, kwani ikijaa ina volti 4.2. Ila inapotuma, moduli huvuta hadi ampea 2 kwa mikrosekunde 577 tu, kisha hurudia kila baada ya milisekunde 4.6. Zile waya nyembamba za majaribio, pamoja na viungio vyake, zikiwa na omu 0.3, volti 0.6 zinapotelea njiani. Betri iliyobaki na volti 3.7 inafikisha 3.1, na moduli inazima na kujiwasha upya. Dalili utaiona kwenye taa: ilikuwa inapepesa kila baada ya sekunde 3, maana yake imepata mtandao, ghafla inarudi kupepesa kila sekunde. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha laini au antena.

Kapasita ya mikrofaradi 1000 iweke ili isaidie betri moduli inapotuma, lakini usiitegemee peke yake. Mpigo mmoja wa ampea 2 unakula takriban milikulombu 1.15, kiasi cha kuishusha kapasita hiyo kwa zaidi ya volti 1 kama betri haisaidii. Kwa hiyo tumia waya nene na fupi, zichomee kwa risasi, na kapasita ikae karibu kabisa na pini ya VCC, inayoingiza umeme kwenye moduli. Multimita haitakuonyesha mshuko huo kwa sababu inasoma wastani. Omba oskiloskopu ya maabara, na picha ya mawimbi uiweke kwenye tasnifu. Hiyo ina uzito kuliko kurasa za maelezo.

Pini ya RX ya moduli, yaani ya kupokea data, ni ya volti 2.8. Kutoka TX ya ESP32, yaani pini ya kutuma, pitisha resista ya kiloomu 1 hadi RX, kisha kutoka hapo kwenye RX weka ya kiloomu 5.6 kwenda ardhini.

Kihisi hakina makuu: resista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3, na milisekunde 750 za kusubiri kwa usomaji wa biti 12. Ukipata nyuzi 85 kamili, maji hayajachemka. Umesoma kabla kihisi hakijamaliza kupima, au umeme wake umekatika. Programu iitupe namba hiyo.

Jambo la kupima kabla ya kununua: moduli hii inatumia 2G peke yake. Chukua simu, ifungie kwenye 2G, panda mtumbwi hadi kwenye kizimba chenyewe na ujaribu kutuma ujumbe ukiwa hapo. Mtandao wa mwaloni usikudanganye, hasa pale mwamba au kilima kinapoukinga mnara.